Sinia la Siwema na Tanuri la Mzee Kifaru

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, wakati wanyama walipokuwa na majiko, masinia na mawifi kama sisi, palikuwa na kijiji kilichoitwa Majabalini. Sogeeni. Na wewe uliyekaa mlangoni, acha kutafuna kucha, usikilize.

Kwenye mawe ya juu kabisa ya kijiji hicho alikaa pimbi aliyeitwa Siwema. Mnamjua pimbi? Mnyama mdogo, mnene kidogo, hana mkia, na masikio yake ni kama vifungo vya shati. Ukimtazama haraka utadhani ni panya aliyeshiba. Lakini Siwema alitembea kichwa juu, maana alilelewa na bibi yake, na nyumba ya bibi yule haikuwahi kutoa sinia lenye pengo.

Sinia lenye pengo ni nini? Msichana wa Majabalini akiposwa, siku wakwe wanapokuja, nyumba yao hutoa sinia la vitamu, limefunikwa kawa. Shangazi wa bwana harusi ndiye anayefunua. Akikuta limejaa mpaka ukingoni, anapiga kigelegele na mambo yamekwisha. Akikuta pengo, analifunika tena kimya kimya, na wageni wanavaa viatu vyao.

Sasa Sikudhani, mdogo wake Siwema, alikuwa ameposwa. Wakwe walikuwa wanakuja Ijumaa.

Tatizo lilikuwa Mzee Kifaru. Yeye alikuwa na tanuri la udongo kando ya mto, na moto wa mtu mwingine hakuutaka. Akinusa moshi popote, huyo mbio, anaukanyaga moto: pu! pu! pu!

"Mtatuchomea nyasi!" husema.

Basi kijiji kizima kilioka kwake. Na kila asubuhi msaidizi wake, Fisi, alisimama mbele ya tanuri akaitangaza sheria kwa sauti ya puani:

"Kitokacho tanurini, nusu ya Mzee! Kitokacho tanurini, nusu ya Mzee!"

Jirani yake Siwema, Mama Kanga, aliijua nusu hiyo. Mwaka uliopita alioka mikate ya posa ya binti yake, Kifaru akachukua nusu yake, na sinia likabaki na pengo. Shangazi alifunua, akafunika. Tangu siku ile watoto wa kijiji walikuwa wakimpita Mama Kanga njiani wakiimba: "Nusu sinia, nusu mke!" Binti bado alikuwa nyumbani.

Siwema aliteremka mpaka mtoni.

"Hodi, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Ni nani? Sauti naisikia, mtu simwoni." Macho ya Kifaru hayakuona mbali, wala karibu.

"Ni mimi Siwema. Huku chini."

"Aaa, pimbi! Fisi, niokotee nimwone."

"Hii-hii-hii!" Fisi akacheka mpaka akakaa.

Siwema alisubiri wamalize. "Mzee, Ijumaa wakwe wanakuja. Naomba nioke, na nusu yako uniachie. Mara hii tu."

"Nikikuachia wewe, kesho Swala atataka, keshokutwa Kima. Oka sinia dogo."

"Sinia ni la marehemu bibi. Halipungui."

"Basi likae na pengo!" Kifaru akainamisha pembe yake. "Sikiliza, mtoto. Hakuna kitamu duniani ambacho hakikupita motoni, na moto ni wangu. Kisichopita tanurini si chakula. Ni tope!"

"Ni tope, Mzee?"

"Tope tupu!"

"Na kinachotoka tanurini?"

"Nusu yangu, nusu yako. Sheria ni sheria."

"Ahsante, Mzee," alisema Siwema. "Nimeelewa vizuri sana."

Nyumbani alimkuta Sikudhani amejifunika kanga usoni.

"Dada, tuma salamu. Waambie wasije."

"Wasije? Kwa lipi? Futa machozi, ukaniletee kinu cha bibi."

"Kinu? Tutaoka kwa kinu?"

"Hatuoki. Umesahau masika yale, kuni zimelowa, na bibi akatulisha vitamu wiki nzima? Ulimwona anawasha nini?"

Sikudhani alifikiri. Akaondoa kanga usoni.

Basi walianza. Karanga walizimwaga juu ya jabali wakati wa jua la mchana, jabali lina moto kama kikaango, wakazigeuza kwa ufagio mpaka maganda yakawa yanatoka yenyewe. Wakazipeta kwenye ungo, ff, ff, ff, maganda yakaruka. Ufuta waliuosha, wakauanika, wakaupekecha kwa mikono. Tende walizitoa kokwa moja moja, maana bibi alikuwa akisema mkwe aking'oka jino kwako hana tena la kukutetea.

Kisha kinu. Tu! Tu! Tu! Karanga kwanza, peke yake, mpaka itoe mafuta. Hapo ndipo tende inapoingia. Ukiziingiza pamoja, tende inashika mchi na karanga inabaki nzima. Asali kidogo, ya kushikisha tu. Mikono uipake mafuta ya karanga, ufinyange matonge, yote mamoja, hakuna kubwa wala dogo, na kila tonge ulibingirishe kwenye ufuta.

Mama Kanga alifika akirukaruka. "Kwo-kwo-kwo! Shoga, nasikia kinu, moshi sioni. Kulikoni?"

"Natengeneza vitamu vya Ijumaa."

"Bila moto? Makubwa! Umepatwa na joto la mawe wewe."

"Fumbua mdomo."

Siwema akamtia tonge. Mama Kanga alitafuna. Akaacha. Akafumba macho, akatafuna tena polepole.

"Mmm! Haya! Mmm!" Kisha akafumbua macho. "Shoga, kitamu hiki hata tanuri halikiwezi. Lakini kinu hiki kinasikika mpaka mtoni, na Fisi ana masikio."

"Najua. Ndiyo maana nimetengeneza na haya." Siwema akamwonyesha kapu lililojaa matonge manono, meupe kwa nazi iliyokunwa. Kwa macho, yalipendeza kuliko yale mengine. Lakini ndani yalikuwa ndizi mbivu zilizopondwa na asali tele, laini hata ukiyapumulia yanatetemeka.

"Hayo ni ya nani?"

"Ya wageni wasioalikwa."

Matonge ya ufuta waliyapanga kwenye ufa mwembamba kati ya majabali mawili, mahali maji yanapodondoka na jua halifiki. Yakalala humo usiku kucha. Asubuhi ya Ijumaa Siwema alibonyeza moja kwa kidole. Lilirudi mahali pake. Halikushika kidole.

"Yako tayari," alisema, na akafuta sinia la bibi mpaka akajiona uso.

Ndipo mawe yakatetemeka. Gwi! Gwi! Gwi!

"Pimbi!" Kifaru alikuwa mlangoni, Fisi nyuma yake, mate yanamdondoka. "Fisi amesikia kinu. Unaficha nini?"

"Shikamoo, Mzee. Naficha? Kapu hilo hapo mbele ya pua yako."

Kifaru alinusa. "Halinuki moshi."

"Linanuka asali!" alisema Fisi, na ulimi ukatoka wote. "Nionje, Mzee. Kidogo tu."

"Ee, Bwana Fisi!" Siwema alishika mashavu. "Wewe, msaidizi wa mwenye tanuri, ule kibichi kama sisi tusio na moto? Wakwe wakipita wakikuona, watasema nini juu ya Mzee?"

"Rudisha ulimi!" Kifaru alinguruma. "Mtu wangu hali tope!"

"Mimi hata nilikuwa nakuja kwako, Mzee. Kapu hili naomba likaokwe. Likitoka, tugawane kama sheria ilivyo. Ila," akashusha sauti, "nina wasiwasi. Marehemu bibi alisema matonge haya yanataka moto mkali mno. Sijui kama tanuri lako litayaweza."

"Litayaweza? Tanuri langu?" Kifaru alipiga kwato. "Fisi, chukua kapu! Tia kuni zote! Zote, nimesema!" Kisha akageuka. "Na mengine yako wapi? Kinu kile hakikutwanga kapu moja."

"Yamo ufani, Mzee. Yanapoa."

Kifaru alisogeza kichwa kwenye ufa. Ko! Pembe ikagonga jabali upande huu. Ko! Ikagonga upande wa pili.

"Nitayarudia," alisema, na wakateremka.

Sikudhani alichungulia mlangoni. "Dada, akirudi?"

"Atarudi. Leta kawa."

Wakwe walifika jua likiwa limesimama. Mbele alikuja shangazi wa bwana harusi, Bi Kuruthumu, pimbi mkavu, mwenye macho ya kuona vumbi chini ya mkeka. Waliamkiana, wakakaa. Sinia likaletwa. Majirani wote walisimama nje, na Mama Kanga nyuma kabisa, shingo ndefu, hathubutu kutazama.

Bi Kuruthumu alishika kawa kwa vidole viwili. Akalifunua.

Sinia lilijaa mpaka ukingoni. Tonge kwa tonge, safu kwa safu, yameviringana yote sawa, ufuta unameta. Bi Kuruthumu alilizunguka sinia akitafuta pengo. Hata mahali pa kutia kidole hapakuwapo. Akachukua tonge moja, akalitazama chini lisije likawa limeungua, akaling'ata.

Sikudhani alimkodolea mdomo.

"Nani ameoka haya?"

"Hayakuokwa, Bi mkubwa," alisema Siwema. "Ni kazi ya mikono ya nyumba hii, kama tulivyofundishwa na bibi."

Bi Kuruthumu alimeza. Akalamba kidole, jambo ambalo ndugu zake hawakuwahi kumwona akilifanya. Kisha akainua kichwa:

"Riririririii!"

Kigelegele hakijaisha, paaaa! Mlio ukatoka mtoni. Moshi mweusi ukapanda kama mnazi.

Siwema hakugeuka. Alijua ndizi na asali zinafanya nini motoni: zilikuwa zimeyeyuka, zikatiririka juu ya makaa, moto ukalipuka, na tanuri lililojazwa kuni zote za kijiji likapasuka katikati.

Gwi, nyaa. Gwi, nyaa. Kifaru alikuja akipanda mlima, masizi mpaka kwenye pembe, miguu yote minne imeganda asali na majani makavu, kila hatua anainua kichaka. Fisi alikuja amebeba bati la kuokea. Alikuwa amelamba mapema, na sasa meno ya juu na ya chini yameshikana.

"Mmmf!" alisema Fisi.

"Pimbi!" Kifaru alinguruma. "Tanuri langu limekwisha! Nataka nusu ya sinia hilo. Sasa hivi!"

Vigelegele vilikatika. Sikudhani alilikumbatia sinia. Siwema alisimama mbele ya Kifaru, urefu wake haufiki hata kwenye goti lake.

"Mzee, sinia hili limepita tanurini?"

"Halikupita, lakini..."

"Kisichopita tanurini ulisema ni nini?"

Kifaru alimgeukia Fisi.

"Mmmf," alisema Fisi.

"Tope!" Mama Kanga alipaza sauti kutoka nyuma. "Tope tupu! Ndivyo anavyotuambia kila siku!"

"Basi, Mzee mzima utoe pembe mbele ya wakwe kudai nusu ya tope? Mimi nitakuonea aibu." Siwema akanyoosha kidole kwenye bati. Ndani mlikuwa na kitu kimoja cheusi, kigumu, kinachotoa moshi. "Kilichotoka tanurini ni hicho. Nusu yako, nusu yangu. Sheria ni sheria. Lakini leo nimepata mashemeji, nina furaha. Nusu yangu nimekusamehe. Chukua yote!"

Lo! Kijiji kizima kilicheka mpaka mawe yakajibu. Bi Kuruthumu mwenyewe alishika mbavu. Kifaru alitaka kupiga kwato kwa hasira, mguu ukagoma kuinuka, umeshika nyasi.

Walipotulia, waliona Mama Kanga hayupo. Alikuwa mtoni. Akarudi mbio, kwo-kwo-kwo, amebeba kigae, na juu ya kigae kaa la moto jekundu kutoka kwenye tanuri lililopasuka.

"Hili ni langu," alisema, akihema. "Anayetaka kulikanyaga na aje!"

Swala akatazama Kima. Kima akatazama Kifaru, aliyekuwa bado anavuta mguu. Kisha wote wakakimbia na vigae vyao. Jioni ile moshi ulitoka kila nyumba ya Majabalini, na asali ilipomtoka Kifaru miguuni, mioto ilikuwa mingi kuliko kwato zake.

Siwema alipata moto naye. Aliupikia uji na mchuzi. Lakini matonge ya posa hakuyapitisha motoni hata mara moja, na binti wa Mama Kanga alipokuja kuposwa tena, ni Siwema aliyemshika mikono mama yake akamwonyesha: karanga kwanza, tende baadaye. Sinia lile nalo lilijaa mpaka ukingoni, na watoto wakatafuta wimbo mwingine.

Hadithi yangu imefika mwisho, wajukuu zangu, na yaliyobaki kwenye sinia ni yenu, lakini kumbukeni: anayedhani wenzake hawawezi lolote bila yeye, ndiye anayewalazimisha kujifunza kuweza.