Vyuma Viwili vya Dirisha la Bi Mwantumu

Jamani, hii nimeletewa leo asubuhi na nimeshindwa kukaa nayo peke yangu. Tafadhali usirukie mwisho. Isome yote, kisha umpelekee ndugu yako, hasa yule ambaye hamsalimiani siku hizi.

Milimani huko, kwenye baridi na migomba, kulikuwa na nyumba ya zamani ya ghorofa moja. Aliijenga mzungu ambaye hata jina lake watu wamelisahau. Madirisha yake hayakuwa ya kufungua kwa nje kama haya yetu. Yalikuwa ya kupandisha na kushusha, kioo kinateleza juu na chini ndani ya mfereji wa mbao.

Ghorofani aliishi mjane mmoja, Bi Mwantumu. Alikuwa amevunjika nyonga, kitanda chake kimewekwa dirishani, na ngazi za nyumba ile ni nyembamba mno kumshusha mgonjwa. Dunia yake yote ilikuwa dirisha lile na barabara iliyopita chini yake.

Sasa sikiliza. Mjukuu wake Mwanahawa, yatima aliyemlea tangu ananyonya, alikuwa anaolewa! Na kwa desturi ya ukoo wao, bibi harusi akishatoka kwa somo wake, yule mama anayemfunda, haingii nyumba nyingine yoyote mpaka afike kwa mumewe. Kwa hiyo walikubaliana hivi: gari lisimame chini ya dirisha, bibi amwombee mjukuu dua kwa sauti yake mwenyewe, kisha amrushie kanga aliyomtunzia miaka yote hiyo.

Tatizo ni moja. Dirisha lilikuwa halifunguki.

Bi Mwantumu akawaita wanawe wawili, Singano mkubwa na Hoza mdogo. "Wanangu, sitaki kitu kingine. Nifungulieni dirisha hili kabla ya harusi."

Wale vijana, tuseme ukweli, walikuwa watoto wazuri. Kila Idi waliipaka nyumba ya mama rangi mpya, na kila Idi walipaka mpaka juu ya mwanya wa dirisha. Rangi ikagandamana na rangi, dirisha likashikana na fremu. Walichukua kisu, wakakata rangi taratibu kwenye mwanya pande zote, wakagonga mbao kidogo kwa kiganja. Dirisha likaachia! Lakini lilipopanda, ndani ya ukuta kitu kikalia: dong!

Wakatazamana.

"Umesikia?" aliuliza Hoza.

"Mali ya wazungu," Singano akanong'ona, na macho yamemtoka.

Nani asiyezijua hadithi za dhahabu iliyofichwa kwenye nyumba za zamani? Pembeni mwa fremu wakaona kifuniko kidogo cha mbao, wakakibandua. Ndani kulikuwa na kamba kuukuu, na kwenye ncha yake kipande kirefu cha kitu kizito, cheusi kwa masizi. Upande wa pili wakakuta kingine! Walikata kamba zote mbili, wakakumbatiana wakicheka na kulia. Dirisha likadondoka puu! Hakuna aliyeligeukia.

"Na dirisha je?" mama aliuliza.

"Mama, tutakujengea nyumba yenye madirisha kila ukuta!" alijibu Singano, tayari yuko kwenye ngazi.

Waligawana pale pale uani. Kimoja chako, kimoja changu. Haki imetendeka, kila mtu akaenda kwake anaruka ruka.

Kesho yake Singano alikipeleka kipande chake kwa fundi wa kuchomelea. Fundi akakisugua kwa tupa, akakitazama. "Chuma," alisema. "Chuma kitupu."

Wewe ungefikiria nini? Ungesema basi, tumejidanganya, turudi tukacheke na ndugu yetu. Singano hakuwaza hivyo. Aliwaza, "Hoza amenichezea! Yeye amechukua cha dhahabu, mimi akanipa cha chuma." Kumbe mchana ule ule Hoza alikwenda kwa fundi yule yule, akaambiwa maneno yale yale, na akawaza vile vile kuhusu kaka yake.

Utacheka au utalia, sijui. Siku ya gulio, Singano aliaga kwamba anakwenda sokoni, kumbe akaingia kwa Hoza kupitia uani na kuchukua kipande kilichofichwa chini ya magunia ya mahindi. Na Hoza naye muda huo alikuwa kwa Singano, yuko juu ya dari, anachukua cha mwenzake! Kesho yake wote wakarudi kwa fundi, mmoja asubuhi, mwingine jioni.

"Ninyi familia yenu mna vyuma vingapi?" fundi aliuliza huku akicheka.

Lakini wao hawakucheka. Kila mmoja aliamini kwamba mwenzake ameshtuka na kuihamisha dhahabu. Salamu zikakatika. Watoto wakakatazwa kula nyumba ya pili. Singano akatangaza msikitini kwamba Hoza akionekana kwenye harusi, yeye hatakanyaga. Hoza akatuma neno lile lile kwa upande wa bwana harusi. Mwanahawa, bibi harusi mwenyewe, alilia kwa somo wake mpaka hina ikachelewa kukauka. Inaniuma hata kuiandika.

Siku ya harusi ikafika. Singano aliona haya kumwacha mama, akapanda ghorofani peke yake kumfungulia dirisha. Akalishika upande wa kushoto, akalisukuma kwa nguvu zake zote. Likapanda upande mmoja tu, likakaa kombo, likang'ang'ania katikati. Halipandi, halishuki.

Mlango ukafunguliwa. Hoza!

"Toka hapo, umeliharibu!" Akavamia upande wa kulia, naye akasukuma peke yake. Mbao zikalia, kioo kikapiga kelele kama kinataka kupasuka, dirisha likazidi kukwama.

"Umeliharibu wewe uliyeficha dhahabu!"

"Mimi? Wewe ndiye uliyeficha!"

Wakati huo huo honi zikasikika bondeni. Matarumbeta! Vigelegele! Msafara unakuja!

"Nyamazeni!" Bi Mwantumu alisema. "Mnajua vile vyuma vilikuwa vya nini? Vilikuwa vinalivuta dirisha hili juu: vikishuka ndani ya ukuta, lenyewe linapanda. Kimoja kinaning'inia huku, kingine kule, uzito mmoja. Baba yenu alikuwa analipandisha kwa kidole. Mkivitoa, linaanguka. Akilisukuma mtu mmoja upande mmoja, linakaa kombo kama mnavyoliona."

"Sasa mama, mbona hukutuambia?"

"Niliuliza, na dirisha je? Mkanijibu kwamba mtanijengea nyumba."

Singano akatoka, akarudi na kipande alichokuwa akitembea nacho kwenye gari kama ushahidi kwamba amedhulumiwa. Hoza akafungua mfuko wake, akatoa chake. Wakaviweka sakafuni pamoja kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Wakavitazama, wakavinyanyua, wakavigeuza. Urefu ule ule, uzito ule ule, alama za tupa zile zile. Hakuna aliyeweza kusema kipi ni cha nani.

"Kaka, nilikiiba cha kwako," alisema Hoza.

"Na mimi cha kwako, mdogo wangu." Singano alianza kulia bila kujificha.

Lakini honi sasa ziko kwenye kona ya mwisho! Na kamba wamezikata, duka la kamba liko mbali, vyuma haviwezi kurudi ukutani kwa maombi.

Bi Mwantumu akajiinua kwa kiwiko. "Basi leo vyuma ni ninyi. Singano kushoto, Hoza kulia. Kwanza lishusheni ule upande uliopanda, likae sawa. Asisukume mtu peke yake. Nikihesabu, mnainua wote."

Wakashika. Likashuka, likakaa sawa.

"Moja, mbili, haya!"

Na dirisha likapanda! Laini, bila ubishi, mpaka juu kabisa. Upepo wa mlimani ukaingia chumbani, na mama akapiga kigelegele ambacho wanakijiji wanakizungumzia hadi leo. Gari likasimama. Bi Mwantumu akatoa kichwa, akaomba dua yote kwa sauti, hakuacha neno. Kisha akairusha kanga, ikafunguka hewani, wanawake wakaidaka na kumfunika Mwanahawa mabegani.

Wale wawili walikuwa bado wamesimama kila mmoja upande wake, mikono juu, jasho linawatiririka. Hakuna aliyeweza kuachia. Akiachia mmoja, dirisha litakaa kombo. Wakiachia wote, litamwangukia mama.

Mwanahawa akainua uso. Akamwona bibi yake, halafu akawaona wajomba zake, kushoto na kulia. Akaweka mkono mdomoni.

"Bibi!" alipaza sauti. "Tangu wiki iliyopita nilikuwa na dua moja tu, niwaone wajomba wangu wamesimama pamoja. Ninaweza kwenda sasa."

Gari liliondoka kwa shangwe, likapotea kwenye migomba. Bi Mwantumu akajilaza, akasema, "Haya, shusheni taratibu."

"Kaka, umechoka?" Hoza aliuliza.

"Sana. Wewe je?"

"Sana. Lakini tuache mama apate hewa kidogo."

Wakakaa vile vile wamelishikilia, wakizungumza habari za watoto wao.

Funzo: Kabla hujaamini kwamba ndugu yako amechukua kilicho bora na wewe ukaachiwa chuma, shikeni kwanza mzigo mmoja, yeye upande wake na wewe wako. Huenda mkagundua kwamba mna kitu kile kile, na kwamba hakina kazi yoyote kikiwa kimoja.