Karamu ya Vimondo

"Hodi, ngano ipo mlangoni."
"Ipite ndani."
"Ina kiu."
"Maji yapo, ikae."

Basi, mwaka huo jua lilikuwa kali. Visima vyote vikakauka, kikabaki kimoja tu, na hicho kimoja Chui akakilalia. Swala akija, anafukuzwa. Ngedere akija, anafukuzwa. Maji yenyewe Chui hayamalizi, lakini kumpa mwenzake hataki. Roho mbaya tu.

Komba, yule mdogo mwenye macho makubwa, alikuwa na mtoto mchanga. Jana mtoto alilia kwa kiu. Leo halii tena, na hilo ndilo lililomtia mama hofu. Kabla ya mapambazuko akaketi tawini akimpakata, akatazama juu. Kimondo kikapita, fyuu. Kingine, fyuu. Mbingu nzima ikawa inadondosha moto, taratibu, bila kelele. Ilipendeza hata akasahau shida zake kidogo. Kisha akamwona Chui kule chini, naye anatazama, na tumbo lake linanguruma.

Komba akashuka, akampa shikamoo.

"Mjomba, kumbe hukualikwa?"

"Wapi?"

"Harusini, huko juu. Zile ni cheche za jiko. Wanachoma mbuzi."

Mate yakamtoka Chui. Akauliza nyama inashuka lini. Komba akamwambia wakati wowote, ila wale ni watu wa adabu, hawampi asiyenawa. Na aliyekwisha kunawa hagusi kitu mpaka sahani ije. Akigusa, zamu yake inapita.

Chui akanyoosha mikono. Komba akateka maji kwa kifuu, akamnawisha kama mgeni wa heshima, chururu, chururu. Chui akakaa kitako, mikono juu, macho juu, mdomo wazi.

Fyuu. Komba akamnywesha mwanawe, gu, gu. Fyuu. Swala akaja akanywa, gu, gu. Fyuu. Ngedere akaja na ukoo mzima. Chui aliwaona wote kwa pembe ya jicho. Akaunguruma, lakini mikono ni safi, atafanyaje?

Kukapambazuka. Chui akauliza, kwa huzuni kabisa, nyama iko wapi.

"Wameshakula, Mjomba," akasema Komba kutoka mtini, mtoto akimvuta masikio. "Jaribu kesho. Ila usiguse kitu."

Mvua zilipokuja zilimkuta Chui palepale, mikono juu.

"Ngano imekunywa, inaaga."
"Iende salama. Na funzo lake?"
"Watoto, naweni mikono kabla ya kula. Faida yake mmeiona wenyewe."