Karibu ya Bi Pimbi

Hapo zamani za kale, Bwana Fisi aliuza sabuni, na mwenyewe hajawahi kuoga. Chekeni, lakini chekeni kimyakimya, maana katika hadithi hii kuna mtoto mchanga.

Mtoto huyo alikuwa wa Bi Pimbi. Alikuwa na siku tisa, na usingizi hataki hata kuusikia.

Ngo! Ngo! Ngo! "Hodi!"

"Karibu," akajibu Bi Pimbi. Angesemaje? Ndiyo adabu.

Fisi akaingia na kapu. "Pokea kipande cha kujaribia, bure kabisa! Mtoto ana siku ngapi?"

"Tisa."

"Analala?"

"Wapi!"

"Eheee," akasema Fisi, akaenda zake.

Kesho yake alfajiri, mtoto ndiyo kwanza kafumba macho, ngo! ngo! "Sabuni! Sabuni ya povu!"

Mtoto: ngaaa!

Hajanyamaza, akaja Ngiri na vitana. "Nasikia una mtoto wa siku kumi!"

Nyuma yake Kiboko, anagonga mlango kwa makalio, gubu! gubu! "Nasikia halali! Nauza dawa ya usingizi!"

"Nani kawaambia mambo ya nyumbani kwangu?"

"Bwana Fisi!"

Ikawa hivyo kila siku. Siku ya nne Bi Pimbi alitia chumvi kwenye chai, akainywa, asijue. Mtoto alishaanza kukonda. Mama akamwendea Fisi analia.

"Nakuomba, usije tena. Mwanangu ataugua."

"Haiwezekani, shemeji. Ulisema karibu. Karibu ikishatoka mdomoni haina mwisho, na rafiki zangu wamo humohumo. Ndiyo sheria."

"Sheria ya nani?"

"Yangu!"

"Unaweza kuisema sokoni, mbele za watu?"

"Hata sasa hivi!" Akaenda, akaapa kwa sauti, kifua mbele. Mjinga yule!

Mchana wake Fisi kakaa na ugali na mchuzi wa mifupa. Tonge liko njiani, ngo! ngo! "Hodi!"

"Karibu," akasema Fisi. Mtu akikukuta unakula, unamkaribisha. Hata fisi ana mama aliyemlea.

Bi Pimbi akalamba mchuzi kidogo, akachungulia uvunguni, akashukuru, akaondoka.

Kesho yake akarudi. Nyuma yake Tembo, na Nyani na wanawe kumi na wawili.

"Lo! Nani kawaita hawa?"

"Wewe, shemeji. Karibu haina mwisho, na rafiki zangu wamo humohumo. Si uliapa sokoni?"

Tembo akakalia kigoda. Kwaa! Kigoda kwisha.

"Nasikia unaficha maini chini ya kitanda," akasema Nyani, na wanawe wakazama uvunguni.

"Mama yangu! Nani kakuambia?"

"Bi Pimbi!"

Siku ya tatu chungu kikavu, kitanda kimevunjika, Fisi anakula vumbi. Akapiga magoti. "Basi, Bi Pimbi! Basi jamani!"

"Usiniambie mimi. Kaseme kulekule ulikoapa."

Fisi mbio hadi sokoni. "Sikilizeni! Karibu ni ya siku hiyohiyo! Mwenye nyumba akisema basi, ni basi! Na mambo ya mtu hayatembezwi!"

Ngiri na Kiboko wakasikia, wakabeba bidhaa zao, wakaenda zao. Mtoto wa Bi Pimbi akalala fofofo, na mama yake akalala kabla hajamaliza kumfunika.

Nanyi shikeni hili: kukaribishwa siku moja si kupewa ufunguo wa nyumba.