Ganzi ya Meno ya Mashavu

Paukwa, wenye meno na vibogoyo!

Pakawa!

Hapo zamani za kale palikuwa na kima, jina lake Mashavu. Aliyapenda meno yake kuliko mkia wake. Kila kukicha alichota mchanga, akasugua. Kwaruzu, kwaruzu! Yang'ae, yang'ae! Akimaliza, akafyonza ukwaju. Fizi zikalika, zikarudi nyuma. Mashina ya meno yakabaki wazi. Akinywa maji ya baridi, nyiii! Ganzi ikampanda hadi utosini.

Jirani yake, Panya Buku, akamwona amekunja uso.

"Shoga, meno hayo?"

"Meno yangu? Mazima! Tazama yanavyomeremeta!"

"Acha mchanga. Tafuna kijiti cha mswaki kilainike, upitishe polepole. Na huo ukwaju uupumzishe."

"Wivu tu huo!" Kwaruzu, kwaruzu!

Basi, Mashavu alikuwa na dada yake, Tabu. Waligombea mkuyu aliowaachia mama yao, wakanuniana. Masika yalipokaribia, Tabu akataka kuhamia msitu wa ng'ambo, kabla mto haujajaa. Lakini ataondokaje na kinyongo? Akateka maji ya chemchemi kwa kibuyu. Kwao kima, waliogombana wakinywa kibuyu kimoja, ugomvi umekwisha.

"Mdogo wangu, nimekuja tuyamalize. Kunywa."

Moyo wa Mashavu ukaruka kwa furaha. Akapokea, akapiga funda kubwa. Nyiii! Ganzi! Akayatema maji, pwaa! Yakamwagikia miguuni pa Tabu.

Tabu akaitazama miguu yake iliyolowa.

"Unayatema maji yangu, Mashavu?"

Angesema tu, "Dada, ni meno." Lakini Buku alikuwa pale pale, anatazama. Mashavu akaona haya kukiri mbele yake. Akageuza uso.

Tabu akachukua kibuyu chake, akavuka mto, akaenda zake.

Usiku mvua ikanyesha, ikanyesha. Asubuhi Mashavu akakimbia mbio mpaka mtoni. Mto umefurika, vuuu! Ng'ambo haionekani.

"Dadaaa! Yalikuwa meno! Meno yangu, dada!"

Vuuu! Hakuna aliyeitika. Wala Tabu hakurudi tena.

Mashavu akamwendea Buku, akakiri. Mchanga akauacha. Ukwaju akauacha. Akanywa maji ya vuguvugu, akapitisha mswaki taratibu. Ganzi ikapungua, ikapungua, ikaisha. Siku hizi anakunywa hata maji ya baridi. Lakini anakunywa peke yake.

Jamani, jino likitia ganzi, litunzeni mapema. Na ukiumwa, sema. Akupendaye hawezi kujua maumivu unayomficha.

Hadithi yangu imekomea hapo. Utamu wake wetu sote. Uchungu wake niachieni mimi.