Kanga Alivyoshinda Shimo

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa na nini?
Pakawa na shimo, na wanaolitaka ni wawili!

Hapo kale Kanga alitaga mayai tisa shimoni, chini ya mkwaju. Kenge akaja. "Toka! Shimo langu hili." Kanga hakuwa na meno wala makucha. Akamwendea wakili Kima.

"Usihofu, mama," alisema Kima, akiandika mbiombio. "Shimo utalipata. Ila siku ya shauri ufike mwenyewe. Mdai asipofika, shauri linafutwa."

Siku ikafika. "Nani atanilalia mayai?" Kanga akalia.

"Nenda, shoga yangu," alisema jirani yake Njiwa. "Mabawa yangu madogo, lakini yana joto."

Mahakamani Kenge hakuonekana. Wakili wake, Nungunungu, akainama. "Mheshimiwa, mteja wangu anajivua ngozi. Tunaomba tarehe nyingine."

Hakimu Kiboko akapiga mwayo. "Imeahirishwa."

Kanga akakimbia nyumbani. Mayai sita. "Kenge alikuja," alisema Njiwa. "Nimemdonoa, hakujali."

Kanga akarudi kwa Kima. "Wakili, anakula wanangu!"

"Pole, mama. Tusubiri tarehe."

Siku ya pili, "Mheshimiwa, ngozi ya mkiani bado." "Imeahirishwa." Kanga akakimbia nyumbani. Mayai matatu. Njiwa kifua kitupu, manyoya yamenyonyolewa.

"Safari hii usikae, shoga," alisema Kanga. "Atakuua."

"Wewe nenda. Usipofika, na shimo utalikosa."

Siku ya tatu Nungunungu akasimama. "Mheshimiwa, ngozi ya kich..."

"Basi!" akanguruma Kiboko. "Nimechoka na ngozi hiyo. Shimo ni la Kanga."

Kima akaruka juu. "Tumeshinda, mama!"

"Na mayai yangu?"

Kima akafunua karatasi, akazifunga polepole. "Mayai hatukuyaandika kwenye hati ya madai. Tuliandika shimo."

Kanga akakimbia nyumbani. Shimo lilikuwa pana, kavu, lake. Ndani yake Njiwa amelala, bawa limevunjika.

"Limebaki moja," alinong'ona. "Sikuinuka, lisije likapoa."

Kanga akamfunika Njiwa na yai pamoja.

Nanyi mkienda kudai, kitajeni kwanza kile chenye uhai. Hadithi yangu imeishia shimoni. Utamu wake mpelekeeni Njiwa, uchungu niachieni mimi. Asiyeridhika akate rufaa, ila ajue tarehe itaahirishwa!