Ngoma ya Bi Chura na Magogo Saba ya Tembo

Niwape ngano, wajukuu?
Tupe, bibi, mikono iko wazi.
Ina kiu ndani yake.
Tutaibeba na kiu yake.

Basi hapo kale Tembo aliangusha msitu wa mlimani. Leo mti, pu. Kesho mti, pu. Akachoma mkaa, moshi ukapanda, mvua ikaudhika, ikahama. Kijito kilichobaki akakiziba kwa magogo saba, akawa anaoga peke yake, chubwi, chubwi.

Wanyama wa bondeni wakamwendea. "Bwana Tembo, tunakufa kiu."

"Jua ni letu sote," Tembo akasema. "Kila mmoja apunguze kunywa."

Mkutano wa pili, jibu lilelile. Mkutano wa tatu, jibu lilelile.

Sasa Bi Chura, ambaye maishani hakukata hata kijiti cha kuchokonolea meno, alikuwa na watoto wake viluwiluwi dimbwini. Asubuhi dimbwi lilikuwa kama sahani. Adhuhuri likawa kama kijiko. "Mama, mgongo unaungua." Chura akasimama, akasema, "Leo tunacheza ngoma."

"Kwa kiu hii?" Ngiri akamcheka. "Utakunywa jasho?"

"Njoo na kikombe chako, kaka."

Desturi ya ngoma yao ilikuwa hivi: ukiigizwa vibaya, ruhusa kuingia uwanjani ujionyeshe mwenyewe. Lakini kila hatua ya kwenda ina hatua ya kurudi. Ukitoka bila kurudi, utazomewa mpaka kaburini.

Wakaenda kando ya magogo. Kobe akatoa mgongo wake uwe ngoma. "Pigeni polepole, jamani, hii ni nyumba." Ndi, ndi, ndi. Chura akajaza tumbo upepo, akabandika majani mawili yawe masikio, akanyanyua kijiti.

"Mimi ndiye Tembo. Gogo zito, mama wee, kiuno changu." Akaanguka chali, pwata. Wanyama wakacheka hadi wakasahau kiu.

Tembo akatoka majini akitiririka. "Mimi siko hivyo. Haya magogo saba niliyaweka mwenyewe, kwa mkonga mmoja."

"Tunajua, babu," Chura akasema. "Kuweka ndiko kwenda. Bado kurudi. Au huwezi?"

Ndi, ndi, ndi. Tembo akang'oa gogo la kwanza, chopo. "Hodari, babu." La pili, chopo. "Kiuno hicho, babu." Sifa zikamlewesha. La saba, chopo, na maji shwaaa. Kijiko kikawa sahani, sahani ikawa ziwa.

"Maji yangu yanakwenda wapi?"

"Yanarudi, babu. Mguu wako wa kurudi ni mzuri sana."

Akayatafuta magogo, kumbe yanaelea huko bondeni, viluwiluwi wameyapanda. Na kwa kuwa kuangusha msitu nako ni hatua ya kwenda, kila mwaka wanyama walimwita Tembo uwanjani, akapanda miti kwa mdundo, mpaka mvua ikasikia ngoma, ikaja kuchungulia. Ndiyo maana ikinyesha, chura huimba usiku kucha. Anamshukuru Kobe kwa mgongo. Anamshukuru hata Tembo. Nami namshukuru bibi yangu, aliyenipa ngano hii tukipukuchua mahindi.

Ngano yangu imeshuka na maji. Aliyekinga mtungi umejaa, asiyekinga alambe midomo.

Na funzo lake mlishike: ngoma haijazi mtungi. Mwenye shida asicheze, aitishe mkutano.

Haya, sasa nipashieni moto kile kigoma changu, ngozi imelegea.