Jini la Kila Ijumaa

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa na mlango.
Nani yuko nje?
Yuko mwoga. Mnamjua. Msitazamane.

Hapo kale palikuwa na kijana, Kitwana, fundi wa kuchonga mbuzi za kukunia nazi. Mikono yake hodari, moyo wake mwoga. Alimwogopa jogoo wa jirani. Aliogopa kuuliza bei sokoni. Na kuliko vyote, aliogopa kupiga hodi nyumbani kwa mtu.

Mambo yakamfika. Akampenda Mize, binti wa Mzee Machano, yule aliyejisifu kila baraza kwamba aliwahi kuua chui kwa mchi. Kitwana hakuwa na wazee wa kuwatuma wakampose. Ilimbidi aende mwenyewe.

Ijumaa ya kwanza, baada ya alasiri, akafika mlangoni. Akanong'ona: "Hodi. Hodi. Hodi." Hata nzi aliyetua kwenye ubao hakushtuka. Na ada mnaijua: hodi ni tatu, usipojibiwa unarudi. Kitwana akarudi, tena mbio mbio, roho kwatu.

"Nimepiga, hawakuitikia," akajiambia. "Wajibu wangu nimetimiza."

Ijumaa ya pili, hodi, hodi, hodi, kwa pumzi tu. Akarudi. Ijumaa ya tatu, vile vile. Mnacheka? Wewe uliyekuja kwangu kuazima kinu, ukasalimia, ukaaga, ukaenda zako bila kukitaja, unacheka nini?

Ijumaa ya nne akakuta mikeka imekunjwa uani na vyungu vimepangwa kwenye mkokoteni. Jirani yao, Bi Mashavu, akamwambia: "Wanahama, mwanangu. Nyumba ina jini. Kila Ijumaa linakuja mlangoni, linapumua mara tatu, linakwenda zake. Mganga kafukiza ubani mpaka kachoka. Kesho asubuhi wanaondoka, na hawarudi tena."

Kitwana akainama, akaitazama kanzu yake. Jini lile analijua. Linavaa kanzu yake. Akinyamaza, Mize ndiyo basi tena. Akisema, kijiji kizima kitamcheka mpaka azeeke.

Akaenda mlangoni. Magoti yakatetemeka. Akayaacha yatetemeke, kwani hakuwa na mengine. Jasho likamtoka. Akaliacha nalo. Akavuta pumzi.

"Hodi!"

Sauti ikapasuka kama ya kijogoo kinachojifunza kuwika. Ndani sufuria likaanguka.

"Hodi!"

Akapandisha sauti.

"Hodi! Ni mimi, Kitwana!"

"Ka... karibu," ikajibu sauti kutoka chini.

Chini wapi? Chini ya kitanda, ndugu zangu. Muuaji wa chui alikuwa amelala kifudifudi huko, ameshika chetezo cha ubani.

"Kitwana, baba," akanong'ona, "hujakutana nalo hapo nje?"

"Mzee wangu, jini ni mimi. Nilikuwa nakuja kuposa. Niliogopa."

Mzee Machano akatoka taratibu, akajipangusa vumbi. "Mimi nilikuwa natafuta kiatu," akasema. Kiatu hicho hakijaonekana hadi leo.

Mize akatokea jikoni, kamba ya kufungia mizigo mkononi. "Mimi nilijua ni yeye tangu Ijumaa ya kwanza," akasema. "Nilimchungulia dirishani."

"Ukatuacha tufungashe?" baba yake akauliza.

"Nikafungasha pamoja nanyi, baba, na vyungu nilivipanga mimi. Mwanamume asiyesikika akiwa mlangoni, nikishaolewa nitamsikia wapi? Leo nimemsikia. Fungueni mikeka, mgeni akae."

Wakaoana. Msidhani Kitwana aligeuka simba. Akifika mlangoni kwa mtu, magoti hutetemeka na hodi hutoka, vyote kwa pamoja, na watu humjibu karibu.

Hadithi yangu imefika kizingitini, haivuki. Iliyemfurahisha aibebe. Iliyemchoma asiniulize nilimsema nani.